Mwezi Gisabo: mfalme wa mikuki katika zama za bunduki

Na Mwandishi Wetu, Gitega

KILOMITA saba hivi kutoka mjini Gitega, juu ya kilima cha Gishora, kuna ua wenye nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi. Humo zimetunzwa ngoma mbili za kifalme, Ruciteme na Murimirwa. Wafanyabiashara wanaoteremsha mizigo kutoka mpaka wa Kobero, wakapita Muyinga na Karuzi hadi hapa, wengi wao huichukulia Gishora kama mahali pa kupeleka watalii Jumapili. Kwa kweli ni kumbukumbu ya vita. Aliyeianzisha ni Mwami Mwezi Gisabo, baada ya kumshinda chifu mwasi aliyeitwa Ntibirangwa katika nusu ya pili ya karne ya 19.

Mwezi aliitawala Burundi kwa zaidi ya nusu karne, hadi alipofariki mwaka 1908. Katika kipindi hicho mambo yalibadilika kuliko katika tawala zote zilizomtangulia. Alipoketishwa kwenye kiti cha baba yake, silaha kubwa iliyojulikana katika milima hii ilikuwa mkuki. Alipokufa, bunduki ya Kijerumani iliyoweza kupiga tena na tena ilikuwa imekwisha kuamua nani atawale wapi.

Siku hizi majeshi ya kanda yetu hupanga upya brigedi zake kwa kufuata vifaa vipya: kifaru kinataka mafundi na mafuta, droni inataka vijana wanaojua kompyuta, na kila kimoja kinabadilisha nani amuamuru nani. Wengi hudhani hilo ni jambo la zama zetu. Mwezi Gisabo alikutana nalo miaka 140 iliyopita, na namna alivyolikabili inaeleza kwa sehemu kwa nini Burundi iliingia katika ramani za wakoloni ikiwa ingali nchi moja yenye mfalme wake.

Alikuwa mtoto wa Ntare Rugamba, yule mwami aliyeipanua Burundi kwa vita hadi ikakaribia mipaka tunayoijua leo. Ntare alifariki karibu na mwaka 1850. Mwezi alikuwa bado mdogo, na mambo ya nchi yakashikwa na kaka yake mkubwa, Ndivyariye, aliyesimamia utawala hadi mdogo wake akomae. Mdogo alipokomaa, mkubwa hakuwa na haraka ya kuachia. Ugomvi wao ukaishia vitani, na Ndivyariye akashindwa. Tangu hapo ukoo wa kifalme uligawanyika: watoto na wajukuu wa Mwezi wakaitwa Bezi, wale wa ndugu zake, wana wa Ntare, wakaitwa Batare. Mgawanyiko huo ulidumu hadi enzi za vyama vya siasa vya miaka ya 1950 na 1960, na msomaji anayefuatilia siasa za Burundi atakuwa ameyasikia majina hayo mawili.

Ukiitazama nchi aliyoipokea, utaona kwamba mwami alikuwa na nguvu halisi katikati tu, Muramvya na vilima vinavyoizunguka. Kando kando kulikuwa na waganwa, yaani wana wa ukoo wa kifalme waliopewa mikoa. Kadiri ulivyokwenda mbali na ikulu, ndivyo jina la mwami lilivyopungua uzito. Kaskazini-mashariki, katika nchi ya Bweru ambamo leo umo mji wa Muyinga, Batare walijitawala kama wafalme wadogo. Mmoja wao, Kanugunu, hakuwa na mpango wa kupeleka kodi Muramvya.

Jeshi lake lilifuata umbo hilo hilo la nchi. Burundi haikuwa na askari waliokaa kambini mwaka mzima. Ikulu ilikuwa na vijana wa familia zenye heshima waliolelewa huko, wakifundishwa kurusha mkuki, kulenga shabaha kwa upinde, kucheza ngoma na kuzungumza mbele za watu. Kikosi cha mwami kiliitwa Abadasigana, jina ambalo baadaye wafuasi wa chama cha UPRONA walilichukua kuwa lao. Wengine wote walikuwa wakulima na wafugaji. Vita vikitangazwa, kila muganwa alikuja na watu wa vilima vyake, kila mtu na silaha yake na chakula chake. Vita vikiisha, kila mtu akarudi kwenye migomba yake.

Jeshi la namna hiyo lina faida ambayo mhasibu yeyote angeipenda: halina gharama wakati wa amani. Udhaifu wake ni kwamba muganwa asipotaka kuja, haji, na watu wake hawaji.

Bunduki zilianza kuusogelea ukingo wa Burundi katikati ya karne, pamoja na misafara ya pwani. Njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilikuwa barabara kuu ya biashara ya Afrika Mashariki. Vitambaa, shanga na nyaya za shaba zilipanda. Pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani waliteremka. Ndani ya mizigo hiyo yalikuwamo magobori, zile bunduki za kushindilia baruti kwa mdomo, ambazo viwanda vya Ulaya vilikuwa vimeacha kuyahitaji na vikaona afadhali kuyauza huku.

Mtu wa kwanza katika eneo letu kulijenga jeshi zima juu ya silaha hiyo alikuwa Mirambo wa Unyamwezi, mtu wa rika la Mwezi. Yeye hakuongeza bunduki juu ya jeshi la zamani. Alilivunja jeshi la zamani. Alikusanya vijana wasio na wake wala mashamba, wengi wao waliokimbia koo zao au kupoteza jamaa, akawapa magobori na nyara badala ya mshahara. Hao ndio rugaruga. Waliishi pamoja, walitembea haraka, na walimtii yeye wala si mzee wa ukoo. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji na kuwatia Waarabu wa Tabora katika vita vilivyowagharimu sana. Nguvu zake zilisambaa hadi kufika upande wa mashariki wa Burundi, ambako watu wa Mwezi walisimama kumzuia.

Hapa ndipo mfanyabiashara ataelewa jambo haraka kuliko mwanajeshi. Mkuki unafuliwa na mhunzi wa kilimani, kwa chuma cha hapa hapa. Gobori lina maisha ya bidhaa iliyoagizwa. Linataka baruti, risasi, fataki, na fundi wa kulitengeneza likiharibika. Vyote vinatoka pwani, na vyote vinapita mikononi mwa mtu mwingine. Sultani wa Zanzibar alipozuia baruti isimfikie Mirambo, mtawala huyo mkubwa alijikuta akitafuta urafiki na wamishonari na mabalozi ili njia ifunguliwe. Alifariki Desemba 1884, na ndani ya miaka michache dola yake ikasambaratika, kwani rugaruga waliokuwa wakimtii yeye hawakuwa na sababu ya kumtii mrithi.

Mwezi hakuifuata njia hiyo. Wapo wanaosema hakuweza, na wapo wanaosema hakutaka. Mimi naona yote mawili yalikwenda pamoja. Kupata bunduki kwa wingi kulihitaji kuwaruhusu wenye misafara kuingia ndani ya nchi, na malipo waliyoyataka ni pembe na watu. Burundi ya milimani haikuwa na ndovu wa kutosha. Kilichobaki ni watu. Tena msafara ukishaingia hauwezi kuuza kwa mwami peke yake. Utawauzia pia waganwa wa pembeni, na hao ndio waliokuwa na sababu zaidi ya kununua. Katika nchi ambayo kila mkoa una mwana wa mfalme anayejiona angestahili kiti, silaha mpya ni hatari kwanza kwa aliye kitini.

Kwa hiyo biashara ilibaki ukingoni. Wafanyabiashara wa pwani walikaa Uzige, ile tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Tanganyika ambako leo ipo Bujumbura. Chumvi ya Uvinza, majembe, vitambaa na ng'ombe vilibadilishana huko. Milimani waliingia wachuuzi wa Kirundi wenyewe, wakipita kilima hadi kilima.

Aliyejaribu kuuvunja mpango huo ni Muhammad bin Khalfan, Mwarabu wa ukoo wa Barwani aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza. Alikuwa mshirika wa Tippu Tip na bwana wa Ujiji, mwenye mamia ya watu wenye bunduki. Katika miaka ya 1880 na mwanzoni mwa miaka ya 1890 alituma vikosi dhidi ya Burundi zaidi ya mara moja. Pwani ya ziwa aliipata. Milima hakuipata.

Inafaa kueleza kwa nini, maana watu hudhani bunduki daima hushinda mkuki. Gobori hupigwa mara moja, kisha mpigaji husimama kumimina baruti, kushindilia, kutia risasi na kuweka fataki. Muda huo unamtosha kijana mwepesi kukimbia mita 100 na ushei akiteremka kilima. Mvua ikinyesha, na huku mvua haina uhaba, baruti hulowa. Tena Burundi haikuwa na miji ya kuzingira wala vijiji vya kuchoma kwa mkupuo. Watu waliishi, kama wengi wanavyoishi hadi leo, kila familia katika rugo lake ndani ya migomba. Adui alipita mlolongo wa vilima akidhani havina mtu, halafu vilima vyote vikampigia yowe kwa pamoja. Mwami mwenyewe alikuwa na makazi mengi na alihama kutoka moja kwenda jingine, hivyo hapakuwa na ikulu moja ambayo ukiiteka umemaliza kazi.

Kwa maneno mengine, Mwezi alilitumia vizuri jeshi alilokuwa nalo, badala ya kulibadilisha liwe jeshi la adui yake. Dhidi ya magobori hesabu hiyo ilitosha.

Kisha silaha ikabadilika tena. Mwaka 1892 Mwaustria Oscar Baumann, aliyekuwa akisafiri kwa ajili ya Wajerumani, aliingia Burundi mwezi Septemba akitokea kaskazini-mashariki, upande ule ule wa njia zetu za Muyinga. Wananchi wengi walimpokea kwa ngoma na shangwe wakidhani yeye ni Mwezi, mfalme wa hekaya anayerudi kwa watu wake. Palikuwa pia na mapigano njiani, na bunduki za msafara wake zilionyesha kasi ambayo magobori hayakuwa nayo. Mwami hakujitokeza kumwona. Miaka hiyo hiyo sotoka iliyoangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki yote ilikuwa imepita na hapa, ikifuatiwa na ndui na njaa. Katika nchi ambayo ng'ombe ndiye aliyemfunga mtu kwa bwana wake, kufa kwa mifugo kulilegeza hata utii.

Mwaka 1896 habari mbaya zilitoka kwa majirani. Rwanda, tofauti na Burundi, ilikuwa na vikosi vilivyopangwa, vyenye majina, makamanda na ng'ombe wa kuvihudumia. Vikosi hivyo vilipambana huko Shangi, karibu na Ziwa Kivu, na kundi la askari wa Dola Huru ya Kongo lenye bunduki za kisasa. Wanyarwanda walikwenda mbele kwa ushujaa, wakapukutishwa. Kama jeshi lililojipanga vile lilishindwa uwanjani, jeshi la vilima lisingekuwa na lolote la kutafuta huko.

Mwaka uliofuata Wajerumani walijenga kituo chao Usumbura. Huko kikakaa kikosi cha askari Waafrika chini ya maofisa wa Kijerumani, wachache kwa idadi, lakini wenye risasi za kutosha na mafunzo ya kupiga kwa amri moja. Padri Weupe nao walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898, na Mugera, si mbali na Gitega, mwaka 1899. Mwaka huo wa 1899 Kapteni Bethe aliongoza msafara wa kijeshi dhidi ya Mwezi. Mwami alifanya alichokifanya siku zote: aliondoka. Wajerumani waliteka ng'ombe, wakachoma nyumba, wakarudi ziwani bila mfalme.

Mchezo huo ungeweza kuendelea kwa miaka mingi lau ndani ya nchi kungekuwa na kauli moja. Haikuwapo. Kaskazini-magharibi alitokea Kilima, aliyedai kuwa mjukuu wa Ntare Rugamba na ambaye alivuka kutoka upande wa Kongo na watu wenye bunduki. Karibu zaidi na moyo wa nchi alikuwapo Maconco, mkwe wa Mwezi mwenyewe, aliyegombana na baba mkwe wake kisha akakimbilia kwa Wajerumani. Hawa wawili waliijua milima, na walijua mwami analala wapi. Bunduki ya mgeni ikapata macho ya mwenyeji.

Robert von Beringe, kamanda wa Usumbura, ndiye aliyeitumia nafasi hiyo. (Ni yule yule ambaye mwaka 1902 alipiga risasi sokwe wakubwa wa milima ya Virunga, na jina lake likabandikwa kwenye jina la kisayansi la mnyama huyo hadi leo.) Gavana von Götzen, aliyekaa Dar es Salaam, hakutaka vita na wafalme wa Rwanda na Burundi, alitaka kutawala kupitia wao. Beringe hakungoja. Mwaka 1903 alipanda milimani pamoja na watu wa Kilima na Maconco, akamfukuza mwami kutoka makazi hadi makazi, hadi mzee huyo alipochoka.

Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwezi Gisabo alikubali masharti. Alilipa faini ya ng'ombe 424. Aliutambua utawala wa Wajerumani, akaahidi kutoigusa misheni ya Mugera na kuacha misafara ipite salama. Sharti lililouma kuliko ng'ombe ni la kuwatambua Kilima na Maconco kuwa huru katika maeneo yao. Miaka 50 ya kazi ya kuwazuia waganwa wasigawane nchi ilikuwa ikifutwa kwa karatasi moja.

Wengi wetu tulisoma shuleni kwamba hapo ndipo hadithi inapokwisha. Haikwishi hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo inayonivutia zaidi.

Götzen alikasirika. Beringe alikuwa amevunja amri, na badala ya mfalme mmoja wa kuzungumza naye, sasa serikali ilikuwa na machifu wengi wenye bunduki wanaochinjana. Beringe akaondolewa. Aliyeshika nafasi yake, von Grawert, alipewa kazi ya kuirudisha kamba nyuma. Mwezi, ambaye kwa wakati huu alikuwa mzee wa miaka 60 hivi, aliiona nafasi hiyo na kuishika kwa mikono miwili. Alipeleka zawadi, alipeleka watu wa kazi, aliitikia wito. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vililipuka kusini mwa koloni, na Wajerumani hawakuwa na askari wa kupoteza katika milima ya Burundi. Mfalme mtulivu alikuwa na thamani kubwa kwao.

Ndipo zile bunduki zilizomshinda zikaanza kumfanyia kazi. Maconco aliuawa na Wajerumani mwaka huo wa 1905. Kilima alikamatwa na kupelekwa uhamishoni. Kisha zamu ikafika kaskazini-mashariki, katika nchi ya Muyinga: nguvu ya Kanugunu, ambaye Mwezi hakuwahi kumtiisha kwa mikuki, ilivunjwa na askari wa Grawert. Mwami akatambuliwa kuwa mtawala wa Burundi nzima, na mwaka 1906 utawala wa kijeshi ukageuzwa kuwa wa mkazi, Grawert akiwa wa kwanza. Mfalme asiyekuwa na brigedi hata moja ya bunduki alikuwa amekodi moja, na kodi yake ilikuwa uhuru wa nchi.

Ni biashara mbaya au nzuri? Wanahistoria wa Burundi hawajakubaliana. Wapo wanaomheshimu kama mtu wa mwisho aliyepigana, na jina lake limo miongoni mwa mashujaa wa taifa. Wengine hukumbusha kwamba Batare wa Bweru hawakusahau, na kwamba uhasama wa kaskazini-mashariki uliendelea kuwasumbua watawala hata baada ya Wabelgiji kuingia mwaka 1916. Mtu aliyezaliwa Muyinga na mtu aliyezaliwa Muramvya wanaweza kukusimulia maisha haya haya kwa sauti mbili tofauti.

Mwezi Gisabo alifariki tarehe 21 Agosti 1908. Kiti kilikwenda kwa mwanawe Mutaga Mbikije, kijana mdogo aliyezungukwa na wajomba, kaka na mama wa kambo, kila mmoja akiwa na shauri lake, na nguvu ya ikulu ikaanza kupungua mara moja. Miaka minne baadaye, mwaka 1912, Wajerumani walihamisha makao yao kutoka Usumbura wakayaleta Gitega, katikati ya nchi, mahali ambapo askari wao wangeweza kufika upande wowote kwa siku chache. Boma walilolijenga bado limesimama mjini hapa. Serikali ya Burundi ilipoifanya Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, ilirudi katikati hiyo hiyo.

Gishora inafikika kwa gari kutoka sokoni kwa muda mfupi. Wapigaji wa ngoma huko ni wa ukoo uliopewa kazi hiyo tangu enzi za mwami, na wageni wakifika huwapigia. Ngoma mbili za zamani zenyewe hazipigwi. Zinakaa ndani ya nyumba yao, zimelazwa.